Macho ya Nyumba ya Mzee Wekesa

Nyinyi mnaoingia kazi ya kupima macho siku hizi mmekuta mashine. Mgonjwa anaweka kidevu, mnabonyeza, karatasi inatoka na namba zake. Siwaonei wivu, na wala sitawaambia kwamba zamani ndiyo ilikuwa nzuri. Zamani hiyo nilibeba sanduku la lenzi begani njia nzima ya Kabuchai, baiskeli ya bodaboda ikiwa imepasuka tairi na mvua ikininyeshea. Ninachotaka mjue ni kwamba mashine haijui kubisha. Itakupa namba, mtoto atarudi nyumbani, na miwani uliyomtengenezea itafungiwa kabatini. Hapo ndipo wewe unatakiwa uwe mbishi kuliko wazazi wake.

Mimi naitwa Njeri, lakini kwenye kliniki ya macho pale Kitale kila mtu aliniita Sista. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kulima mahindi, nami nikazaliwa katikati ya mashamba hayo. Kazi nilifundishwa na Mzee Wanyonyi, fundi wa miwani, mtu mfupi wa maneno makali. Hakuniruhusu kugusa sanduku la lenzi mpaka niweze kumweleza mama muuza dagaa wa omena jicho lake lina shida gani. Alisema kama mama wa omena hajaelewa, basi hata mimi sijaelewa, nimekariri tu.

Kwa hiyo nawaeleza kama alivyonieleza. Nuru inaingia mbele ya jicho na inatakiwa kuchora picha kwenye ukuta wa nyuma. Jicho likiwa refu kuliko inavyotakiwa, picha inajichora kabla ya kufika ukutani, na mwenye jicho haoni mbali. Likiwa fupi, picha inataka kujichora nyuma ya ukuta, jicho linajikaza kuirudisha, na mtoto anashinda akilalamika kichwa. Kioo cha mbele kikiwa na umbo la yai badala ya mpira, mistari inavurugika, mbali na karibu. Halafu kuna ile ya uzee, ambayo haimkosi mtu. Lenzi ya ndani inakuwa ngumu, na ukishapita miaka arobaini unaanza kugombana na maandishi madogo.

Ya uzee ina visa vyake. Palikuwa na mshonaji pale soko la Kitale ambaye kila asubuhi, kabla mjukuu wake hajaenda shule, alimfanya atie uzi kwenye sindano nyingi na kuzichomeka ukutani kwenye kalenda. Sindano zikiisha, kazi imeisha, hata kama ni saa sita na wateja wamejaa mlangoni. Alikuja kwetu akitaka dawa ya kunywa. Nilipomvalisha lenzi za kusoma alitia uzi mwenyewe, akautoa, akatia tena, kisha akaanza kunigombeza kwa nini sikumwambia mapema. Na kule Bungoma niliona kanisa ambalo benchi zima la akina mama lilikuwa na miwani moja, huyu anasoma mstari, inapita kwa yule, na kila mmoja alisema ni yake.

Watu watawauliza haya mambo yanatoka wapi, na mtataka kujibu haraka. Msijibu haraka. Moshi wa jikoni na wa taa ya koroboi unachoma macho na kuyafanya mekundu, lakini haurefushi jicho. Jicho refu kwanza ni la ukoo. Baba analo, shangazi analo, mtoto analipata. Halafu yako mambo ya kuishi. Nilipopima watoto wa shule za bweni pale Kitale, wale wanaoamshwa na vitabu na kulazwa na vitabu, wasioona mbali walikuwa wengi kuliko wale waliokulia malishoni kwenye mwanga wa jua. Nilitaka kutangaza nimegundua. Mzee Wanyonyi akaniuliza wazazi wa hao wa bweni ni akina nani. Ni walimu na makarani, nikasema, na wengi wana miwani. Akaniambia basi nimeona vitu viwili vimefungwa kamba moja, nisijifanye nimeona kimoja.

Kitu cha tatu ni watu watasema nini. Hicho hakiko kwenye sanduku la lenzi, nami nilijifunza Kabuchai.

Ilikuwa ile miaka shule za msingi zilipofanywa bure na madarasa yakafurika. Kliniki yetu iliwapa walimu chati za kupimia watoto, ili sisi tuende kwa wale walioonekana wana shida tu. Chati ile haina herufi nyingi, ina E moja inayogeuka huku na huku, na mtoto anaonyesha imeelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Shule zikarudisha majina. Shule moja ya Kabuchai haikuwa na jina hata moja. Nilienda kuona hiyo miujiza.

Mwalimu Barasa, aliyekuwa na darasa la saba, alinipokea kwa furaha. Alisema watoto wake wamekuzwa kwa mboga za kienyeji, macho yao hayana mchezo. Nikamwomba anionyeshe alivyowapima. Akabandika chati ubaoni, akachukua fimbo, akawa anagusa E moja baada ya nyingine, na darasa zima likaimba pamoja: juu, chini, kulia, kushoto, kulia. Waliimba vizuri, hata waliokuwa wamelala mezani waliimba. Alikuwa amewapima wote kwa mara moja, kama tulivyofundishwa sisi sote kusoma a, e, i, o, u. Nilicheka mpaka nikaketi. Barasa alikuwa mwalimu mzuri na hakukasirika, ila aliniambia nikimaliza kucheka nimweleze kosa liko wapi.

Nikatoa chati nje, nikaipachika ukuta wa stoo, nikaita mmoja mmoja. Akaja msichana mrefu aitwaye Nekesa. Kwa sababu ya urefu alikuwa amewekwa nyuma kabisa ya darasa asiwazibe wengine. Alinijibu haraka kuliko wote, bila kukunja uso, kutoka juu mpaka mstari wa mwisho. Kitu hakikunikaa vizuri. Nikaigeuza chati kichwa chini, nikamwomba arudie. Akarudia majibu yale yale, kama vile sikuigeuza; alikuwa amekariri wimbo wa darasa.

Nilimwambia atembee mbele mpaka aone E kubwa kuliko zote imeelekea wapi. Alitembea mpaka nikadhani atapita ukuta. Akaigusa kwa kidole, akasema, imegeuka. Yule mtoto alikuwa amefika darasa la saba kwa masikio. Alichosema mwalimu alikishika, kilichoandikwa ubaoni alikisikia kwa jirani, lakini sasa hesabu zilikuwa ndefu na majirani walikuwa wamechoka. Barasa alinieleza kwamba baba yake ameshasema: mwaka huu akishika mkia tena, anatoka shuleni, anaenda kumsaidia shangazi kuuza nyanya soko la Chwele. Na msichana akishaanza kushika pesa ya nyanya, Barasa alisema, harudi darasani.

Nikamvalisha fremu ya kupimia, ile nzito ya chuma yenye vishimo vya kubadilisha lenzi, nikaanza kuongeza. Nilipofika lenzi yake hakutazama chati. Alikuwa anamtazama Barasa aliyesimama mlangoni.

"Kumbe mwalimu anachekanga," akasema.

Miaka yote alimjua kwa sauti tu, na sauti ya Barasa ilikuwa kali. Barasa alijifanya anaenda kutafuta chaki.

Mzee Wanyonyi alitengeneza ile miwani kwa mkono wake, nami nikaipeleka mwenyewe. Niliporudi baadaye kuangalia maendeleo, Nekesa alikuwa nyuma ya darasa pale pale, uso mtupu. Miwani iko kabati ya baba, akaniambia. Baba amesema atavaa wageni wakishaenda.

Barasa akanieleza hao wageni. Dada mkubwa wa Nekesa, Nasimiyu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Matulo, upande wa Webuye, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja Jumamosi kuzungumza. Kabla ng'ombe hajatoka boma moja kwenda lingine, lazima ukoo uulizwe: kwenu kuna ugonjwa gani, watu wenu wana tabia gani. Msicheke, hata kwetu tunauliza. Sasa msichana mwenye miwani mizito akipita mbele ya wageni na sinia ya chai, hilo swali limeshajijibu.

Mngesema si angoje tu Jumamosi ipite. Mimi pia niliwaza hivyo kwa dakika chache. Lakini mazungumzo ya ndoa hayaishi siku moja. Wakitoka hawa wanarudi wengine, halafu ng'ombe, halafu harusi, na huku muhula unakwisha na nyanya za shangazi zinangoja. Nikamwambia Barasa anionyeshe njia. Alinionyesha, lakini alikataa kufika. Alisema Mzee Wekesa, baba wa Nekesa, ana maringo. Mnapishana naye mchana kweupe na hainui hata mkono.

Nilimkuta mzee akifunga ng'ombe ng'ambo ya ua. Nikasimama, nikainua mkono bila kusema neno. Kule mtu anasalimiwa hata akiwa upande wa pili wa shamba la miwa, na asiyeinua mkono kukurudishia amekutukana. Mzee Wekesa aliinua uso, akanielekea moja kwa moja, kisha akainamia kamba yake. Ndipo nikasema hodi kwa sauti. Akainuka akitabasamu, akageuza kichwa huku na huku kutafuta sauti imetoka wapi.

Nilisikia hasira. Si kwake, kwa eneo zima, kwa miaka yote waliyomwita mtu huyu mwenye maringo na hakuna aliyewaza kumkaribia hatua mbili zaidi.

Tulikaa uani. Mkewe, Mama Nasimiyu, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Mzee alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Sista, hii macho ya Nekesa iko kwa damu?"

Ningeweza kumwambia imeletwa na vitabu. Angefurahi, angewaambia wageni hivyo, na Nekesa angeondolewa vitabu siku hiyo hiyo. Kumbukeni hilo mkishawishika kumpa mtu jibu tamu.

"Iko kwa damu, mzee," nikasema. "Kusoma na kukaa ndani kunaongeza, lakini kwa huyu kubwa ni damu."

"Basi umenimaliza. Watu ya Matulo watasema nyumba yangu inazaa vipofu. Nani ataoa Nasimiyu?"

Nikamweleza kwamba si upofu. Jicho ni zima, ni urefu wake tu uliozidi, na kioo kinalirekebisha. Akasema miwani ni kuzoeza macho uvivu, mtu akianza kuvaa haachi. Nikamwambia hata viatu ni hivyo, na sijaona mtu anayetembea kwenye miiba ili nyayo zisizoee uvivu. Hakucheka. Ndipo nikamuuliza kama aliona nilivyompungia mkono pale uani.

Aliyejibu ni mkewe, bila kuacha maharagwe.

"Haoni mtu," akasema. "Kanisani walitaka kumfanya mzee wa kanisa wakakataa, ati anadharau watu. Hata mimi, Sista, vile alinioa, tulikuwa tunapatana sokoni ananipita tu. Nilidhani hanipendi. Nimelia juu ya hiyo kitu."

Mzee Wekesa alimgeukia kama mtu aliyesikia habari za msiba. Alisema hakujua. Alisema alidhani watu wote wanaona hivyo, kwamba mbali ni ukungu kwa kila mtu, na kwamba wenzake wanajuana kwa mwendo na sauti kama yeye.

Nikafungua sanduku. Nikamvalisha fremu ya kupimia, nikamtuma Mama Nasimiyu akasimame kule kwenye ghala la mahindi, nikaanza kubadilisha lenzi. Yalikuwa macho yale yale ya Nekesa, karibu namba kwa namba. Nilipofika mwisho, mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Kumbe umeota mvi," akasema.

"Si ni wewe ulinipatia," mama akajibu kutoka kule.

Nilidhani nimeshinda. Bado. Mzee alisema ameelewa, lakini Nasimiyu kwanza. Mambo ya Nekesa yangoje. Nikamwambia wageni wake watauliza, apende asipende. Barasa alikuwa amenidokezea kwamba wameshaanza kuulizauliza huko Chwele kama ni kweli Wekesa huwa anadharau watu. Kwa hiyo, mzee, nikasema, wanakuja na jina lako tayari, kazi yako ni kuchagua utawaachia jina gani. Akasema atafikiria.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na msikifanye kama msimamizi wenu ni kama wangu. Nilimwachia ile fremu, na lenzi ndani yake. Nilisema nitairudia Jumamosi, kwa sababu siku nyingine sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Mzee Wanyonyi alipojua sanduku limerudi bila fremu alinisema mpaka chai yangu ikapoa, kisha akauliza kama nimemwekea lenzi sawasawa.

Jumamosi niliingia kwa mlango wa jikoni kama mwanamke yeyote. Nekesa alikuwa anaosha vikombe, uso mtupu, akivisogeza karibu na pua kuona kama vimetakata. Mama Nasimiyu alikuwa anageuza nyama na kuchungulia mlangoni. Nilijua hapo kwamba mzee akikaa kimya leo, yule mtoto atauza nyanya, na sitakuwa na la kufanya tena.

Wazee wa Matulo walitokea kwenye njia ya miwa, mbele yao Mzee Khaemba, babu wa kijana, koti lake zito na fimbo. Walikuwa bado mbali. Mzee Wekesa alitoka sebuleni, akasimama katikati ya uwanja, akatoa fremu mfukoni na kuivaa. Chuma kile cheusi kilimfanya aonekane kama mtu aliyevaa kufuli mbili usoni. Akainua mkono juu kabisa, kabla yao, akaita.

"Khaemba, karibu. Karibuni wote."

Wazee walisimama njiani. Mmoja alitazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayeitwa. Kisha Khaemba akainua fimbo yake. Mama Nasimiyu aliacha nyama, akapita mbele yangu, akaingia ndani. Nikasikia kabati linafunguliwa.

Walipoketi, tulisikia kila neno, maana ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati. Khaemba hakuzunguka.

"Wekesa, mimi nilikuja na neno moja tu. Wewe unanipitanga hapo soko ya Chwele kama mti. Nilisema kijana yetu hawezi kuoa kwa mtu ananidharau."

"Sikuwa nakuona."

"Na sasa?"

"Sasa nakuona. Hata kifungo ya koti yako imetoka."

Wakacheka, wengine wakamwambia Khaemba aangalie koti lake. Mzee Wekesa aliwangoja wamalize.

"Lakini nisiwadanganye. Hii macho ni ya ukoo. Iko kwangu, iko kwa msichana yangu mdogo, inaweza kufika kwa wajukuu. Si upofu, ni ya miwani. Yake iko tayari, na Jumatatu anaenda nayo shule. Kama mnataka kurudi Matulo, rudini mkijua."

Vijana, nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona watu wakitoka gizani kwa upasuaji, lakini sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mzee wakati huo, na chuma changu usoni.

Khaemba alikohoa. Akauliza kama hiyo miwani inapatikana Kitale peke yake au hata Webuye, maana mtoto akizaliwa na macho hayo ni vizuri kujua mapema. Mtu mmoja akasema basi maji ya kunawa yaletwe, watu wana njaa.

Nekesa alikuwa ameshavaa miwani. Mama yake alimvalisha mwenyewe, akamrekebishia masikioni, akampa jagi na beseni. Nilimfuata hadi mlangoni. Alianza na Khaemba, akamwagilia maji mikononi polepole, lakini macho yake hayakuwa mikononi. Yalikuwa usoni kwa mzee, kwenye makunyanzi na ndevu, na hayakutoka, ingawa msichana wa kule hamtazami mzee namna hiyo. Mama yake akaanza kumkemea. Khaemba akamzuia kwa mkono wenye maji, akamuuliza msichana anatafuta nini usoni kwake.

"Naangalia wageni, kuka," akamjibu, kama anavyomwita babu yake. "Huwa nawasikianga tu."